Kikombe cha Wachimba Makaburi

Harufu ya kanyanga, ile pombe kali ya mihogo, ndiyo iliyonifikia kwanza, kabla sijaona miguu ya baba. Alikuwa kifudifudi katika mfereji wa mpunga, hapa bondeni Sange, ndani ya maji ambayo kuku angevuka. "Umuache alale, mama," mpita njia aliniambia, "ataamka jua likimuchoma." Nilimgeuza. Hakuamka. Risasi za vita zilimkosa, yakamuua maji ya mpunga.

Baba yangu Patrisi hakuzaliwa mlevi. Alikuwa mkulima, na Jumapili alinukia sabuni. Vita vilipopita bondeni, maiti zilibaki barabarani na mashambani, na Barnabe, chefu wa avenyu yetu, yaani mkuu wa mtaa, akachagua wanaume wa kuzika. Kwetu, aliyegusa maiti hunawa mikono kwa pombe kali, kisha humeza funda moja, ili kifo kisimfuate nyumbani. Funda moja, basi. Mama mwenyewe alimmiminia baba kikombe cha kwanza pale mlangoni, kwa heshima, mimi nikishika kitambaa. Baba alikohoa mpaka machozi. Wenzake wakacheka: "Patrisi, weye unakunywa kama mutoto wa katekisimu! Meza!"

Lakini kesho yake walizika tena, na keshokutwa tena. Wakamwomba Barnabe chakula cha watoto. Akaleta dumu, bidoni nzima ya kanyanga, iliyopikwa nyuma ya nyumba yake. "Hii iko dawa," alisema. "Bila hii hamutalala." Na kweli, bila hiyo baba hakulala tena, alikaa kitandani akinusa viganja vyake. Makaburi yalikwisha, bidoni haikwisha. Mihogo yetu ikang'olewa ingali michanga, ikaenda kwa Barnabe, ikarudi kwa baba ndani ya chupa. Sisi tukala majani yake.

Leo nina mvi. Barnabe anakaa kiti cha mbele kanisani, na mwanawe anapeleka bidoni zilezile bandarini Kalundu, kwa wapagazi na vijana walioweka silaha chini. Juzi tuliitwa mkutanoni kufundishwa ubaya wa ulevi. Barnabe huyohuyo akasimama: "Watu wetu hawajui kujizuia." Wakampigia makofi! Mimi, niliyeishia darasa la tatu, nikasimama pia. "Chefu, baba aliomba chakula. Sababu gani ulimupa pombe?" Akatazama saa yake. Mkutano ukafungwa kwa sala.

Sitaki pole yako, Barnabe. Njoo usimame pale mferejini, unijibu.