Kalenda Juu ya Uso wa Baba

Kosa nitakalolieleza hapa, mwanangu, halina jina zuri. Ni kosa la kudharau kilicho chako mpaka mwingine akithamini, kisha ukamwita mwizi. Wazee walikwisha kulihukumu kwa maneno machache: mkataa kwao mtumwa. Hawakuongeza kwamba mtumwa huyo, siku akizinduka, hutafuta wa kumlaumu. Hilo nimeliongeza mimi, na nilikuwa na haki ya kuliongeza, kwa sababu mtumwa huyo nilikuwa mimi.

Asubuhi ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu ni ile niliyotundika kalenda juu ya uso wa baba yangu.

Tuliishi kijiji cha Gatwekera, ndani ya Kibera, Nairobi, katika chumba cha udongo na mabati, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Baba alikuwa kibarua wa mjengo. Alikufa kwa ugonjwa wa kifua, na kabla ya kumsafirisha kwenda kuzikwa nyumbani kando ya Ziwa, tulikaa matanga kama ilivyo desturi yetu: turubai nje, muziki, na mezani karai la mchango pamoja na picha ya marehemu. Baba hakuwa na picha ila ile ndogo ya kipande, kitambulisho chake. Mama aliipeleka kwa fundi aliyechora mabango ya vinyozi, naye akaikuza kwa rangi ya mafuta juu ya ubao. Baba akatokea ubaoni amevaa suti nyeusi na tai nyekundu. Katika uhai wake hakuwahi kumiliki suti.

Vijana waliokuja kucheza muziki waliiona mara moja.

"Cheki buda," mmoja alisema akimwonyesha mzee ubaoni. "Suti kali."

"Kumbe kifo imempatia kazi ya ofisi," mwenzake akajibu. "Wacha na sisi tungoje yetu."

Hawakucheka kwa ubaya. Kijiji kile kilikuwa kimezoea kucheka penye kilio, la sivyo kingelia mchana kutwa. Lakini mimi nilikuwa kijana aliyemaliza shule ya upili, niliyejiona msomi, na kicheko kile kiliniingia kama mwiba. Tangu siku hiyo sikuitazama tena ile picha. Baada ya mazishi Mama aliirudisha Nairobi na kuitundika kwenye nguzo pekee ya chumba chetu iliyoweza kushika msumari. Mimi nilijifunza kupita mbele yake kama mtu anavyopita mbele ya mdai wake.

Kisha ukaja mtihani. Kanisa moja lililokuwa na kituo Kawangware lilipata wafadhili wa kumsomesha kijana mmoja chuo cha ualimu. Tulioomba tulikuwa wengi na nafasi ilikuwa moja. Kilichokuwa kitutenganishe ni mtihani wa kuzungumza Kiingereza mbele ya watahini wawili, na waliotutangulia walituambia mada yake: eleza picha au mchoro unaoujua, ulivyo, na kwa nini unakugusa. Usiuone mtihani huo kuwa mdogo, mwanangu. Kwangu mimi ulikuwa mlango wa kutoka mjengo kabla sijaingia, maana tayari nilishaona mjengo ulivyomfanya baba yangu.

Mwalimu wetu wa tuisheni alikuwa na dawa moja kwa kila swali, nayo ilikuwa kukariri. Aliichana kalenda kuukuu iliyokuwa na picha za kuchorwa za Ulaya, akatugawia kila mmoja ukurasa wake na maneno ya kwenda nao. "Mtihani huu hauulizi macho yenu," alituambia. "Unauliza ulimi." Mimi nilipewa mwanamke wa Kizungu mwenye bakuli la matunda mapajani. Niliandikiwa niseme juu ya mwanga na kivuli, juu ya utulivu, juu ya ustadi wa brashi. Ili niukariri vizuri, nilitaka ukurasa ule niuone kila nikifumbua macho. Msumari ulikuwa mmoja. Nikautundika hapo, juu ya Baba.

Mama alikuwa akijifunga kitambaa aende kufulia watu nguo. "Umemfunika baba yako," alisema.

"Ni ya mtihani, Mama. Ni ya siku chache tu."

Akachukua sabuni yake akatoka.

Katika wale walioomba nafasi alikuwemo binti wa jirani yetu, ambaye mama yake aliuza omena, wale dagaa wa Ziwa, mlangoni petu. Tulisoma pamoja tangu darasa la kwanza, na siku za mazoezi tulitembea pamoja kutoka Gatwekera, tukavuka Barabara ya Ngong, mpaka Kawangware, tukihojiana Kiingereza njia nzima hadi wapita njia wakatugeukia. Siku moja aliniuliza, tena kwa Kiswahili, ishara kwamba hakuwa akifanya mazoezi:

"Kwa hivyo wewe utaongea juu ya huyo mama wa matunda?"

"Nimemmeza mzima. Mpaka bakuli."

"Mimi nimepewa farasi. Farasi sijawahi hata kumgusa." Alitembea kidogo. "Ningekuwa wewe ningeongea juu ya picha ya baba yako."

"Ile? Ile si sanaa. Hiyo ni kitu ya matanga."

"Mimi naona ni sanaa."

"Basi chukua," nilimwambia. "Nimekupatia, pamoja na msumari yake."

"Unasema kweli ama unanicheza?"

"Chukua, bwana. Mimi nayo ya nini?"

Hakucheka. Tulifika Kawangware bila kurudia jambo hilo, nami nikalisahau, kwa maana mtu husahau upesi alichokitoa akidhani ni takataka.

Siku ya mtihani yeye alitangulia kuingia. Alikaa ndani muda mrefu, akatoka, akaenda kuketi kando ya mama yake aliyemsindikiza. Nikaitwa. Watahini walikuwa mzee Mzungu na mwanamke Mkenya mwenye miwani. Nilisimama wima nikatiririka. Nilisema juu ya mwanga. Nilisema juu ya kivuli. Nilikuwa nikielekea kwenye brashi yule mwanamke aliponisimamisha.

"Picha hii umeiona wapi?"

"Kwenye kalenda."

"Inakufanya ufikirie nini?"

"Utulivu."

"Utulivu wa nani?"

Hilo sikuwa nimeandikiwa. Niliangalia sakafu. Mwanamke yule, nadhani kwa kunihurumia, akavua miwani yake akauliza kwa sauti ya chini, "Nyumbani kwenu je? Ukutani hakuna picha yoyote?"

Mlango ulikuwa umefunguliwa, mwanangu, na aliyeufungua alikuwa akiushikilia ili nipite. Nami nilimwona Baba na tai yake nyekundu, nikawasikia wale vijana wa matanga wakicheka, nikajibu kwa Kiingereza safi kabisa:

"Hapana. Nyumbani kwetu hakuna kitu."

Mzee Mzungu aliinamisha kichwa akanishukuru. Nikatoka.

Nafasi ilikwenda kwa mwenzangu. Habari za alichosema zilitufikia kabla ya jioni: alizungumza juu ya mjenzi wa Gatwekera aliyevishwa suti baada ya kufa. Hakukariri. Alitafuta maneno, akasita, akaanza upya, na watahini walimngoja.

Ningeweza kunyamaza. Badala yake nilikwenda kwenye benchi la kinyozi, mahali ambapo maneno ya kijiji hunolewa kabla ya kurushwa, nikasema ameiba kifo cha baba yangu akakipeleka kwa Wazungu apewe chuo. Kwamba nilimpa kwa mdomo wangu, hilo sikulisema. Wazee hawakukosea waliponena kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole langu lingeumia peke yake.

Kwetu maiti ana wenyewe, na anayekula matanga ya watu hukwepwa. Wanawake wakaanza kupita mlango wa mama yake bila kusimama. "Omena ya wanaouza vilio vya watu mimi siweki kwa sufuria," mmoja alisema kwa sauti iliyokusudiwa kusikika. Wasichana waliokuwa wakimsuka nywele wakawa hawana nafasi. Maneno yakavuka Barabara ya Ngong. Kamati ya kanisa kule Kawangware, ikiogopa kuwapelekea wafadhili mtoto mwenye kashfa, ikaisimamisha nafasi yake hadi ukweli ujulikane. Mimi niliyasikia hayo yote nikala chakula changu nikalala.

Mama aliyasikia kwenye foleni ya maji. Aliingia, akatua mtungi, akaiondoa ile kalenda kwenye msumari na kuniwekea magotini.

"Ulimpa ama hukumpa?"

"Nilikuwa nafanya mzaha, Mama."

"Sijauliza kama ulicheka. Ulimpa?"

"Nilimpa."

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mama hakuwa mtu wa kupaza sauti, na siku hiyo natamani angepaza.

"Kwa nini nilimwambia fundi amtie suti, unajua?"

Sikujua.

"Baba yako alijenga ofisi za watu, na jengo likiisha askari wa mlangoni alimkataza hata kuingia kuomba maji. Nilitaka wanaokuja kumlilia wamwone kama mtu aliyeketi ndani. Mara moja tu. Yule msichana aliniuliza hayo. Alikuja hapa na omena mkononi, akainua kalenda yako, akasimama mbele ya baba yako, akaniuliza. Wewe umelala chini ya picha hiyo na hujauliza." Alifunga tena kitambaa chake ingawa hakikuwa kimelegea. "Ulimfunika baba yako na mzungu wa karatasi. Aliyemfunua ni mtoto wa watu. Sasa niambie wewe uliyesoma, mwizi ni nani?"

Kesho yake tulikwenda Kawangware, mimi na Mama. Kamati ilikuwa imeketi, na mwenzangu aliketi nyuma na mama yake. Mwenyekiti alitueleza, kabla sijafungua kinywa, kwamba wafadhili hawakuweza kungoja. Nafasi ilikwisha kupewa kijana mwingine wa mtaa mwingine, naye alikwisha kuripoti chuoni. Maji yakimwagika hayazoleki. Hata hivyo nilitakiwa niseme.

Nilisimama. Nilisema, "Nilimpa mimi," halafu nikakwama. Nilirudia maneno hayo hayo, yakakatikia pale pale. Mimi niliyekuwa na maneno ya mwanga na kivuli kwa lugha ya wageni, sikuwa na sentensi moja ya haki kwa lugha yoyote.

Mzee mmoja wa kamati akagonga meza kwa kidole. "Huyu kijana asiletwe tena hapa kwa nafasi yoyote. Leo, kesho, wala mwaka ujao."

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mama aliangalia mikono yake. Hapo ndipo mwenzangu aliposimama, yule ambaye nilimfungia mlango kwa ulimi wangu.

"Wazee, naomba nimalizie," alisema. "Alinipatia kwa mdomo. Na mimi nilijua hajanipatia na roho yake, nikachukua tu, kwa sababu nilikuwa naihitaji. Hiyo ilikuwa makosa yangu. Ya kwake mmeisikia. Lakini msimfungie. Mlango moja imefungwa tayari, inatosha."

Akaketi. Hakunitazama, na sikustahili kutazamwa. Kamati ilinong'ona kwa muda, na yule mzee hakurudia pendekezo lake.

Mimi nilipata chuo baadaye, kupitia kamati ile ile. Yeye alikwenda kufanya kazi za nyumbani kwa mwenye ploti, yaani nyumba za kupangisha, kule Kawangware, na mama yake alipoishiwa nguvu akarudi Gatwekera kuchukua biashara ya omena. Hakuwahi kuvuka mlango wa chuo chochote. Nilipoanza kufundisha nilikwenda kumtafuta, nikiwa na hotuba ndefu ya toba niliyoitayarisha. Aliisikiliza kidogo, akaniuliza kama wanafunzi wangu wananielewa, kisha akageuka kumpimia mteja. Sikupata msamaha uliosemwa, na nimejizuia kuudai.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Usipite mbele ya kitu cha kwenu kwa haraka kwa sababu mtu fulani alikicheka. Simama, ukitazame, na kama hukielewi muulize aliyekiweka hapo angali hai, kwa maana wengi tunaanza kuuliza wakati wa kujibu umekwisha. Ukitoa kitu, kitoe kikatoke. Usikifuate kwa matusi ukimwona mwenzako amenufaika nacho. Na ukimkosea mtu kwa neno, usijidanganye kwamba toba itakirudisha ulichokivunja. Mimi nilitubu, na nafasi ya mwenzangu haikurudi. Kukiri ni lazima, lakini kukiri hakuna miguu ya kuwakimbiza waliokwisha kuondoka. Sema kweli mapema, ingali na kazi ya kufanya.

Mungu akupe macho yasiyokionea haya cha kwenu, na ulimi unaoogopa kuua. Akulinde usije ukasimama mahali niliposimama. Na ikiwa utasimama hapo, kwa kuwa sisi ni wanadamu, basi akuinulie nyuma ya chumba mtu usiyemstahili, akumalizie sentensi, kama alivyoniinulia mimi yule binti wa muuza omena, Nekesa.