Mpiga Gita Aliyekuja Mazoezini

Cheka ukitaka, lakini haya niliyaona kwa macho yangu, saa kumi alasiri, jua likiwaka Butembo, na watu ishirini wakiwa nami.

Wakati ule wa vita nilikuwa mwalimu wa kwaya ya parokia. Padri mmoja alituachia kaseti ya konseto: gita moja linapiga mbele, okestra nzima inalijibu. Okestra tungeipata wapi? Tuliiimba kwa midomo. Akina Masika walikuwa violoni, yaani fidla, na Paluku, muuza misumari, alikuwa tarumbeta. Gita tu lilikuwa la kweli, nalo lilikuwa la Kasereka, mwalimu wa shule kule Eringeti. Bila yeye hakuna konseto.

Sikukuu ya parokia ilipokaribia, Kasereka aliniuliza kwa foni, ile redio ya misheni, kama anaweza kuja. Asubuhi hiyo hiyo dereva wa lori alikuwa ameniambia, "Mwalimu, njia ya Eringeti hapana muzuri. Jana baliua batu." Nilimsikia vizuri: watu wameuawa njiani. Lakini askofu alikuwa anakuja, nami nilitaka sifa. Nikamjibu Kasereka aje: "Njia iko muzuri. Kuya kesho."

Kesho yake akaingia katikati ya mazoezi. Hakusalimu, hakukaza nyuzi. Akaketi, tukaanza. Niamini, gita halijawahi kulia vile. Kuna mahali okestra hunyamaza, gita likabaki peke yake, na Kasereka ndiye hunipa ishara ya kichwa ili turudi. Hakuitoa. Alipiga, akapiga, akinitazama. Kisha akasema, "Mwalimu, ulisema njia iko muzuri." Akainuka na gita lake, akatoka.

Wote walimwona. Wote walisikia gita. Maneno yale niliyasikia mimi tu.

Jioni lori likaleta maiti ya Kasereka. Aliuawa asubuhi, kabla hajafika hata Oicha, mji ulio njiani. Gita lake lilikuwa ndani ya gunia, vipande viwili.

Kwenye matanga mama yake aliuliza, "Nani alimwambia akuye?" Nikatazama chini. "Sijue, mama." Mwoga mkubwa mimi! Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu namlea mpaka leo. Kwaya niliiacha, na gita likilia redioni natoka nje.

Wewe unayenisikiliza, usimwambie mtu njia ni salama kwa sababu tu unamhitaji. Mama Kasereka yu hai bado. Kila Jumapili baada ya misa hunishika mikono yote miwili: "Asante kwa kupenda mutoto wangu." Nami humwitikia, "Asante, mama."