Gari la Bi Rukia Lililogoma Kuruka

Ndugu wasomaji, nimerudi Pemba na diploma ya ufundi wa magari ya Maskati, na gereji yangu hapa Chake Chake nimeijenga kwa jasho langu. Nayasema haya mjue nimeanguka kutoka juu kiasi gani.

Bi Rukia na kaka yake waliniletea magari mawili ya spoti, pacha kwa kila kitu. La kaka nilipokanyaga mafuta liliruka. La Bi Rukia lilisita. Nikalipima kwa kompyuta, sikuona kitu. Siku tatu sikutulia. Mwisho nikatangaza mbele ya wateja kwamba injini ya Bi Rukia lazima ifunguliwe.

"Ngoja, fundi," akasema Bi Rukia. "Langu uliliendesha peku, maana viatu siruhusu kwenye zulia langu. La kaka je?"

Nikatazama mabuti yangu mazito, yale yale niliyoliendeshea la kaka.

"Leo nakuruhusu. Ingia nayo."

Nikaingia, nikakanyaga mafuta kwa uzito wote wa buti. Gari likaruka mpaka getini.

Nilipoteremka hakuna aliyecheka. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri gari lake akaniuliza kwa upole, "Na langu, fundi, ulilipima na viatu au peku?"