Ng'ombe wa Shemeji Walikula Shamba Langu, na Sasa Wanarudi

Admin, nifiche kabisa, maana huku Garissa tunajuana hadi mbuzi wetu wanajuana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nina watoto wanne. Mume yupo, kama mtu wa kukaa mkekani akisubiri chai naye anahesabiwa yupo.

Zamani tulikuwa wafugaji upande wa Sangailu. Ukame ulipotumalizia ng'ombe, tukahamia hapa kando ya Tana. Mume akasema hawezi kushika jembe, wenzake watamcheka. Wallahi, nikalishika mimi. Niliuza dhahabu yangu ya harusi, nikanunua pampu ya kuvuta maji mtoni, nikapanda mahindi, vitunguu na ndizi. Wale walionicheka eti nachimbachimba kama panya, wakaanza kuja kuomba ndizi.

Mwaka jana mvua ikakataa tena. Kaka wa mume wangu akafika na ng'ombe waliobaki mbavu tu. Kwetu mifugo ya ndugu ikija na njaa hainyimwi, hilo nimelelewa nalo. Nikamwambia, "Walaal, ndugu yangu, lisha kwenye mabua niliyokwisha kuvuna, huku kwingine niachie watoto." Akaitikia vizuri kabisa. Siku nilipoenda sokoni na vitunguu vyangu, mume wangu kwa mkono wake mwenyewe akaondoa miiba ya lango. Narudi, mahindi hakuna, migomba imetafunwa hadi chini. Nilipiga kelele majirani wakaja mbio. Shemeji akaniambia, "Abaayo, dada yangu, hayo ni majani tu. Hawa ni ng'ombe."

Majani tu! Nilikaa kwenye tope nikalia mpaka sauti ikakauka.

Mvua iliponyesha, shemeji akaenda zake, ng'ombe wake wamenona. Wazee wa ukoo wakakutana, kwa sababu kwetu aliyefiwa na mifugo huchangiwa wanyama aanze upya. Shemeji akachangiwa kwa wale wachache waliomfia njiani. Mimi nikatuma mtu anisemee, nisaidiwe mbegu na mafuta ya pampu. Jibu likaja: shambani kwangu hakuna mnyama aliyekufa, sasa wachange kwa ajili ya nini?

Nikaanza upya peke yangu. Leo mahindi yamenifika kifuani. Juzi shemeji akapiga simu, huko kwao kumekauka, wako njiani. Mume amefurahi kama Idd. Nikamwambia safari hii lango halifunguliwi. Akanijibu mbele ya watoto, bila hata kupandisha sauti, "Ukimfungia ndugu yangu, ndoa hakuna." Na ardhi tulipewa kwa jina lake.

Kwa hiyo nikifungua, ng'ombe wanakula. Nikifunga, naachwa, na ng'ombe wanakula vilevile.

Nina hasira. Nyinyi mnaosoma, msiniambie nivumilie, nimevumilia hadi nimechoka. Mngekuwa mimi mngefanyaje? Nijibuni leo, ng'ombe hawako mbali.