Niliitoa Chula Mlangoni

Vijana wa Kismayo siku hizi hawasemi tena "betri". Najua kwa sababu niliwauliza. Binti yangu na wenzake walikuwa wamekaa barazani kwangu, wote wamefikia ule umri wa kuamini kwamba wazazi wao hawajui kitu, nikawauliza mtu mwenye akili wao humwita nani. Wakasema "maskah", yaani ubongo kwa Kisomali. Nikauliza, na betri je?

"Betri ya simu, Baba?" akasema binti yangu. "Ipi?"

Ikabidi nieleze, na neno la mtaani likishahitaji maelezo, jua limekwisha kufa. Ujanani mwetu redio zilikuwa chache, na zilikuwa zikila betri kama mgeni mwenye njaa. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati, zikapata nguvu kidogo za kumalizia taarifa ya habari. Basi kijana mwepesi wa akili aliitwa betri mpya, na mzito akaitwa betri ya juani. Mimi nilikuwa betri mpya. Nililetwa kutoka kisiwa cha Chula nikiwa mdogo, nikae kwa shangazi nisome, na nikakishika Kisomali cha shule upesi kuliko wenye nacho. Jina likanikaa. Hata leo, mwenzangu wa rika akinikuta sokoni hunipigia ukelele, "Betri!", nami huinua mkono kama kiongozi aliyeshinda kura.

Wasichana walinisikiliza kwa adabu, kisha wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nilinuna. Niliona wamenivua kitu nilichokivaa miaka yote.

Muda si mrefu likaja jambo la harusi. Mtoto wa marehemu kaka yangu alikuwa anaoa, na mimi ndiye niliyesimama mahali pa babake. Mama yangu alivuka kutoka Chula kwa ajili hiyo, na haikuwa kawaida yake, maana mji humchosha. Baada ya sala ya alasiri tukampeleka bwana harusi nyumbani kwa bibi harusi, tukafika kwenye mlango wa chumba, na mlango ulikuwa umefungwa. Hilo tulilitarajia. Wanawake wa upande wa pili huziba mlango mpaka waridhishwe, na siku hizi wengi humaliza kwa bahasha ya pesa. Hawa walikataa bahasha. Walitaka vitendawili, kama zamani.

Watu wakatazamana. Mama akanisukuma kiunoni kwa kidole.

"Tuna mchu wetu," akasema kwa sauti, kwa lahaja ya kisiwani ambamo mtu huitwa mchu. "Huyu. Akili yake wachu waijua tangu mdogo."

Nikavimba kichwa, sitaki kusema uongo. Nikajisogeza mbele, nikarekebisha kofia.

"Kitendawili!" ikaja sauti kutoka ndani, nayo ilikuwa sauti ya binti yangu. Bibi harusi alikuwa shoga yake, naye binti yangu alikuwa ndani pamoja na wale wenzake wa barazani.

"Tega!"

"Babu yangu ana mbavu, hana nyama. Anaishi majini, na akiyanywa maji anakufa."

Mtoto yeyote wa visiwani angejibu kabla hajameza mate. Jibu ni chombo: mashua, dau, chochote chenye mataruma, yaani mbavu za mbao, na kinachozama kikiingia maji. Na baba yangu mimi alikuwa fundi wa vyombo! Nililala utotoni juu ya vumbi la randa lake. Lakini nilikuwa betri, bwana, na betri haiwezi kuulizwa jambo jepesi hivyo mbele ya watu. Nikapekua mbali. Nikasema mwavuli. Ndani wakacheka. Nikasema mifupa ya papa. Wakacheka zaidi, na nyuma yangu nikasikia mmoja wa upande wetu naye akicheka puani.

"Toa mji!" wakaimba ndani. "Toa mji! Toa mji!"

Sheria ya mji kila mtu anaijua. Ukishindwa unatoa mji, aliyekutegea anajifanya ameuendea, anasimulia alivyopokewa, kisha ndipo anakupa jibu. Ila hutoi mji wako. Utotoni tulitoa miji ya jirani, Kudha, Darakasi, na siku za ukarimu tulitoa hata Mogadishu, kwa kuwa haikuwa yetu. Kwetu hatukutoa. Sasa nimesimama pale na jasho la shingoni, nataka tu kelele zile ziishe, nikafungua kinywa.

"Chula," nikasema.

Mama alikuwa nyuma yangu, sikuthubutu kugeuka.

"Umetoa Chula?" akaniuliza polepole. "Mchu hatoi kwao."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilitamani sakafu inimeze. Ndani walikuwa wakishangilia, kisha binti yangu akaanza safari yake kama desturi inavyotaka.

"Haye! Nilikwenda Chula," akasema, "nikafika Chula, nikakuta..."

Akakwama. Wenzake wakamhimiza, naye akarudia, nilikwenda Chula nikakuta, akakwama tena. Mmoja akamnong'oneza, "Sema bahari." Hapo akaja karibu kabisa na mlango, na sasa sauti yake haikuwa ya mchezo.

"Baba," akaniuliza, "Chula kuna nini?"

Hakuwahi kufika. Mama alikuwa akituma salamu kila likizo nimpeleke mjukuu, nami kila likizo nilijibu bahari chafu, au kazi nyingi, au mwakani inshallah. Bahari ilikuwa shwari mara nyingi. Mimi nilizoea kuwa mtu wa Kismayo, na mtu wa Kismayo hapendi kukumbushwa kisiwa mbele ya majirani. Watu wote pale wakanitazama wakingoja jibu, na mimi betri mpya nikasema, "Kuna watu wazuri." Aibu niliyoiona nikisikia maneno yangu mwenyewe sijawahi kuiona tena.

Mama akanisogeza kando, si kwa nguvu, kama mtu anavyosogeza kiti. Akaweka kiganja chake mlangoni.

"Mwanangu, sikiza," akamwambia mjukuu wake. "Ukishuka chomboni maji hukufika magotini, na wachu huanza kukusalimu hujatia mguu pakavu. Utaulizwa wewe mwana wa nani. Sema wa fundi. Pale babuyo alipokuwa akiunda vyombo, vipande vya mbao vimo mchangani hata leo, twavikokea moto. Na ukipita msikiti kuna kaburi la amiyo, baba yake huyu bwana harusi. Hulifagia mimi."

Bwana harusi akainamisha uso.

"Bibi, sema tena, hatusikii vizuri," akasema binti yangu, na komeo likavutwa. Walifungua ili wasikie. Hakuna aliyekumbuka kudai jibu wala kitu kingine. Wasichana wakamzunguka mama pale kizingitini na maswali yao, kisima kina maji matamu, watoto wanacheza wapi, wewe hulala na nani, naye akajibu moja moja. Bwana harusi alivua viatu, akatafuta mtu wa kumshikia, akanipa mimi, akaingia.

Binti yangu alikuwa ameushika mkono wa bibi yake kwa mikono miwili.

"Bibi yangu betri, walaahi," akawaambia wenzake.

Na wale waliocheka barazani kwangu wakaitikia, "Betri kweli."

Hakunitazama alipolisema neno hilo. Nilibaki ukutani na viatu vya bwana harusi mkononi, nikingoja mtu aniambie niviweke wapi.