Matanga Niliyoyatembea

Dawa ya kwanza ilinipa usingizi na unene. Nilisinzia juu ya cherehani mchana kweupe, mate yakalowesha gauni la Komunio la mtoto wa watu, na siku moja sindano ikapita kwenye kidole changu nami nikakitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine. Mimi ni fundi wa nguo hapa Bukoba, na fundi anayesinzia ni hasara kwa wateja na kwake mwenyewe. Lakini zile sauti zilikuwa zimenyamaza, na kwa ajili hiyo niliivumilia dawa ile kwa miaka. Nilipomwonyesha daktari wa kliniki ya afya ya akili kidole kilichovimba, alikubali kunibadilishia.

Dawa mpya iliniamsha. Kichwa kikawa chepesi, nikaanza tena kuzipenda rangi za nyuzi, nikacheka na wateja. Furaha hiyo haikudumu. Ulianza mguu mmoja kuchezacheza chini ya cherehani, ukafuata wa pili, kisha kitu ambacho mpaka leo sijakipatia jina kikapanda mpaka kifuani. Hayakuwa maumivu wala mwasho. Ilikuwa ni kulazimika kuinuka. Nikiketi, mwili mzima unadai nisimame. Nikisimama, unadai nitembee. Nikitembea napata nafuu kidogo, nikituama tu, yale yale. Mama mwenye nyumba wangu, Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani, alinitazama nikizunguka uani alasiri nzima akasema, "Mwanangu, kama ni kisima unachimba, si ungesema nikuletee sururu?"

Nilicheka, nikaendelea kuzunguka. Nilikuwa nangojea siku ya kliniki niyaeleze haya, ndipo kaka yangu mkubwa alipopiga simu kutoka kwetu Kishanda. Baba amefariki.

Miaka ya nyuma nilijiona nimepona, nikaacha vidonge. Nilitoka nyumbani nikashika barabara huku nikizungumza na watu ambao hawakuwapo. Baba alinitafuta mpaka Buganguzi. Alinifunga mikono kwa kamba kwa sababu nilikuwa nampiga, akanipeleka hospitali akilia njia nzima mbele za watu, mzee mzima. Tangu hapo haukupita mwezi bila yeye kupanda gari kuja Bukoba kuketi nami kwenye foleni ya kliniki. Hakuwa na maneno mengi. Aliketi tu, kofia magotini, mpaka niitwe. Sasa mtu aliyenikalia foleni miaka yote hiyo amekufa, na mimi, binti yake wa pekee, siwezi kumkalia matanga.

Kwetu, kukaa matanga ni kukaa kweli. Viti hutolewa nje, sebule hutandikwa nyasi, na wanawake wa nyumba ya marehemu huketi juu yake, mjane katikati na mabinti kando yake, mpaka azikwe na hata baadaye. Wanaume huota moto uani. Jembe haligusi udongo kijijini. Mfiwa hapiki, hachoti maji, hafagii. Kazi hizo ni za majirani, na heshima ya jirani iko hapo. Anachotakiwa mfiwa ni kuketi na kulia.

Kabla ya kuondoka Bukoba nilimpigia simu muuguzi wa kliniki. Aliniambia kwamba ile ni dawa inayonisumbua, si ugonjwa uliorudi, na kwamba inatibika. "Usiache ghafla," alisema. "Miguu ikitaka kutembea, itembeze. Ukishazika, njoo moja kwa moja daktari akuone." Ndani ya gari nilisimama nimeshika kiti ingawa nafasi zilikuwepo. Niliposhuka Nshamba nikawakatalia waendesha bodaboda, nikaenda kwa miguu mpaka Kishanda, mwendo ambao mwenye akili zake hupanda pikipiki.

Niliingia ndani nikapiga magoti, nikamkumbatia mama, nikaketi juu ya nyasi. Nakumbuka harufu ya nyasi zile na uso wa baba ukionekana kidogo juu ya shuka. Nilitaka kulia. Machozi yalikuwa karibu, lakini miguu iliyafukuza. Nilikunja, nikanyoosha, nikauma mdomo, nikasoma Salamu Maria. Haikufika hata nusu ya rozari nikawa mlangoni. Nikarudi, nikaketi, nikatoka tena. Wanawake walianza kupisha njia kabla sijainuka.

Nikaona bora nitembee kwa sababu inayoonekana. Nilichukua ndoo iliyokuwa jikoni nikaenda kisimani. Nilirudi na maji kichwani, kwa mara ya kwanza siku ile nikihisi mwili wangu umetulia, nikakuta wanawake wa chama chetu cha kuzikana wamesimama kama walionyang'anywa kitu. Kiongozi wao alinipokea ndoo bila kunitazama usoni.

"Waitu, jamani, kwani sisi tumekufa mpaka mfiwa ajichotee maji?" aliuliza. "Marehemu alituzikia wazazi wetu. Leo binti yake anatuambia hatujui kumzika?"

Niliomba radhi mara nyingi kupita kiasi. Ningewaambia nini? Kwamba nilitafuta mzigo ili nisionekane kichaa, na mzigo wenyewe ndio ulioniumbua? Mmoja alimnong'oneza mwenzake, nami nikajua wananong'ona kuhusu kamba ya Buganguzi.

Asubuhi ya mazishi kaka alinifuata kwenye migomba nilikokuwa nikizunguka. Nisimsingizie: kaka si mtu mbaya. Yeye ndiye aliyemsaidia baba kufunga ile kamba, na hofu ya siku ile haijamtoka. Aliona vidonge mkononi mwangu.

"Dada, ni hivyo vinavyokufanya hivi?"

"Ndivyo. Daktari atarekebisha."

"Basi leo usimeze. Leo tu. Ukae kama watu, tumzike mzee, kesho umeze unavyotaka. La sivyo, itabidi tukuache chumbani mpaka tumalize. Watu wanasema umerudiwa na wazimu."

Niliona aibu, nikaona na hasira, na juu ya yote nikaona ana hoja. Siku moja ni nini? Hata mara ya kwanza nilianza na siku moja. Lakini kumwacha baba ashuke kaburini nikiwa nimefungiwa chumbani? Nilivirudisha vidonge kwenye kikopo. Nilikuwa nimeshaamua kutomeza.

Hatukujua kwamba mama alikuwa dirishani akitusikia. Tuliporudi ndani, mjane ambaye tangu msiba uanze hakuwa amesema neno ila kwa kilio, alimwita kaka kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye moto wa wanaume.

"Mletee dada yako maji."

"Mama, tumeshaongea—"

"Nimesikia mlivyoongea. Kukaa, nitamkalia mimi. Kumeza, hakuna wa kummezea."

Kaka alikwenda mwenyewe jikoni akaleta maji, na kiongozi wa wale wanawake ndiye aliyenishikia kikombe. Nilimeza mbele ya mwili wa baba na mbele ya kijiji kizima. Kisha nikatoka nje nikatembea. Walipomtoa baba nilikuwa nikitembea, padri aliposoma sala nilikuwa nikizunguka nyuma ya watu, na zamu yangu ya kutupa udongo ilipofika walinipisha, nikatupa, nikapita. Sikudondosha chozi. Najua yuko jirani aliyeliona hilo akalihifadhi.

Siku iliyofuata nilikuwa mbele ya daktari. Alipunguza dozi, akaongeza kidonge kingine cha kutuliza ule mhangaiko, akaniambia nilipaswa kutoa taarifa mapema, jambo lililoniudhi kwa sababu nilikuwa nimempigia muuguzi. Miguu ilinyamaza polepole. Kuna siku nilizoamini haitanyamaza kamwe, nikakitazama kikopo cha dawa kwa chuki, nikameza hivyo hivyo na chuki yangu.

Nilipoweza kushona gauni zima bila kuinuka, nilipanda gari kwenda Kishanda. Nyasi zilikuwa zimeondolewa siku nyingi, viti vimerudi sebuleni, kaka yuko shambani anapalilia kahawa. Mama alinivutia kiti. Nikaketi chini, sakafuni, nikakunja miguu upande. Mama akashuka kwenye kiti chake akaketi kando yangu. Watu wote walikuwa wamemaliza kumlilia baba. Mimi ndiyo kwanza nikaanza.