Samli kwenye Bampa ya Gaaju

Petroli peke yake hainisumbui. Samli peke yake naila, tena naramba na kidole. Lakini harufu hizi mbili zikikutana puani mwangu, hasira inanipanda hadi masikio yanawaka moto, hata kama nimetoka kanisani sasa hivi.

Jumapili iliyopita ilinipata hivyo hivyo. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya nyumba ninayopanga hapa Mbarara, kabureta ya gari langu iko kwenye beseni, naisugua kwa mswaki mkuukuu na petroli. Mimi si fundi. Siku za kazi nauza vitenge sokoni, na Jumapili baada ya misa ni ya gari langu, ambalo limenizidi umri na kwa hiyo nalitunza kwa heshima. Jirani yangu Mnyankore alikuwa upande wa pili wa ua akikoroga eshabwe, mchuzi wa samli wa kwao, kwenye chungu. Upepo ukageuka. Nilirusha spana ikagonga ndoo yake, naye akaruka, akaniuliza kama nimeumwa na nyuki. Nikamwambia ndiyo. Ningeanzia wapi kumweleza? Ila nyinyi nitawaeleza, maana mmeshaketi.

Baba yangu, Melkiori, alikuwa dereva wa basi kwetu Burundi. Tulipokimbilia Uganda tulipitia Kabazana, wanakoandikishwa wageni, kisha tukapewa kiwanja kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, turubai, sufuria na jembe. Baba na jembe hawakuelewana. Alilima kama mtu anayeandika kwa mkono wa kushoto. Jioni alikuwa akisimama kando ya barabara, anafumba macho, anasikiliza magari yanavyopita na kutaja ugonjwa wa kila moja: hili bujii moja, yaani plagi, haichomi, lile beringi ya gurudumu la nyuma imekwisha. Mama alikuwa akimwambia arudi ndani, kwa kuwa hakuna gari lililomwomba dawa.

Halafu siku moja gari moja lilimwomba. Lilikuwa pikapu ya zamani, limezimika mbele ya nyumba yetu, linatoa moshi mweupe. Mwenyewe alikuwa askari wa kambi ya Mbarara, Afande Mugume, Mnyankore wa Endiinzi, anakwenda nyumbani kwa likizo. Nilikuwa mdogo, ndiyo kwanza naanza shule, lakini naikumbuka miguu ya baba ikitoka chini ya gari na viatu vya afande vikizunguka zunguka kwa wasiwasi. Baba alitoka, akafungua kifuniko cha mafuta, akamwonyesha mafuta yaliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia kwenye injini. Gasketi ilikuwa imeungua, na labda si gasketi tu.

Afande alilitazama gari, akatazama barabara. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo naweza kuyarudia kwa sauti yake.

"Mzee, weka huyu kwako. Kama vile watu wanaweka ng'ombe. Wewe kunywa maziwa, ng'ombe ni yangu."

Hapo inabidi niwaeleze kitu ambacho wale wawili hawakuhitaji kuelezana. Kwetu Burundi, kama huko kwao Ankole, mtu mwenye ng'ombe wengi humkabidhi mwenzake ng'ombe amchunge. Mchungaji anakunywa maziwa, anachukua samadi, anakesha naye akiugua. Na siku ng'ombe anaporudi kwa mwenyewe, mchungaji habaki mikono mitupu. Anabakiziwa ndama. Hakuna anayeandika popote, na hakuna anayesahau.

Baba akauliza, "Sawa, afande. Na ndama?"

Afande akacheka, akampiga kiganja mbele ya majirani wote waliokuja kushangaa moshi. "Ndama tutaona, mzee. Kwanza ng'ombe apone!"

Gari lilikuwa la kahawia, nusu rangi na nusu kutu. Baba akaliita Gaaju, jina la ng'ombe wa rangi hiyo, na afande akafurahi sana kwa sababu hata kwao jina ni hilo hilo. Wakaagana kama ndugu. Mimi nilidhani tumepata ukoo mpya.

Sitawaambia Gaaju alitumezea vitu gani. Nitataja kimoja tu: kitenge cha mama cha harusi, alichokivaa mwilini siku tunakimbia ili kisiibwe, kiliuzwa kikageuka gasketi. Mama alikitoa mwenyewe, akaingia ndani na hakutoka mpaka jioni. Baba alipasua ile injini akaitandaza kwenye mkeka wa kuanikia maharagwe, kila kitu kwa mpangilio wake, na kuku wakakatazwa kupita. Tangi lilipovuja, alilipaka sabuni ya mche, akaisindilia kwenye ufa kwa kidole gumba mpaka petroli ikakubali kukaa. Valvu alizisugua kwa unga wa msasa na mate na uvumilivu. Nakumbuka asubuhi injini ilipowaka. Baba aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini kwenye sikio, akasikiliza, machozi yakamtoka, akasema ni moshi.

Jamani, tuliishi! Gaaju alibeba magunia ya watu hadi Kabingo, akabeba bibi harusi na kwaya yake, akabeba wagonjwa ambao zamani walibebwa kwa baiskeli. Watu wakaacha kumwita baba "yule Mrundi wa kiwanja cha juu" wakaanza kumwita Dereva. Tukipanda mlima wa kwenda Mbarara baba aliimba zaburi kwa sauti ya pili, akingoja injini imshikie ya kwanza. Baba yangu hakuwa amerudi Burundi, lakini alikuwa amerudi mwilini mwake.

Afande alikuwa akipita mara moja moja, anakunywa chai, anampiga Gaaju kofi la ubavuni, anakwenda zake. Kisha, nikiwa ninakaribia kumaliza shule ya msingi, alikuja hakuketi.

"Nimesikia ng'ombe yangu imepona sana. Watu wanaiona Mbarara. Jumapili mimi nakuja kuchukua."

Baba akajibu, "Imepona, afande." Basi.

Nilitaka kupasuka. Mama alipasuka kweli. Alimwambia baba kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, na kwamba kama ana akili atoe kabureta yetu, atoe bujii zetu, atoe gasketi ambayo ni kitenge chake, amwachie yule mtu bati lake alivyolileta. Jirani yetu Mkongomani, Mama Furaha, alisimama mlangoni akimuunga mkono: "Baba Jenerosa, toa bintu byako! Yeye alikuleteaka maiti, umurudishie maiti!" Mimi Jenerosa nilikuwa nyuma yao, nimekunja ngumi.

Mnajua baba alifanya nini wiki ile? Alibadilisha mafuta ya injini. Alirekebisha valvu. Alitengeneza waipa ya upande wa pili, ambayo alikuwa akiiahirisha tangu ipatikane ile ya kwanza. Alipoomba nimshikie kioo aone chini ya injini, nilimwambia mkono unaniuma. Jumamosi alichukua baiskeli akaenda hadi Endiinzi, akarudi na kopo la samli. Sisi tulikuwa tunakula maharagwe ya chumvi! Mama alilitazama lile kopo, akauliza ni la nani. Baba akasema, "Ni ya Gaaju." Mama akacheka kicheko ambacho sitaki kukisikia tena.

Jumapili watu walitoka misa wakaja moja kwa moja kwetu. Baba alikuwa amemwosha Gaaju mpaka kutu inang'aa. Alivaa koti lake la harusi. Akachovya vidole kwenye samli, akapaka pembe mbili za bampa ya mbele, taratibu, kama babu yangu alivyopaka pembe za ng'ombe wa watu siku ya kuwarudisha. Watoto walicheka. Mimi niliona aibu hadi nikatamani ardhi inimeze.

Afande alikuja na mkewe, mama mnene mzuri aliyevaa gomesi ya kijani, akaingizwa kiti cha mbele cha Gaaju na kuketishwa. Baba alitoa funguo kwa mikono miwili.

"Afande, ngombe yako hii. Ulituletea mugonjwa, tunakurudishia muzima. Maziwa tulikunywa. Asante."

Kisha akasubiri. Watu wote wakasubiri. Afande aliangalia samli kwenye bampa. Akaangalia watu. Halafu, na hili niliona kwa macho yangu ingawa sikulielewa, aliangalia nyuma ya gari, chini, pale ambapo mtu angetazama kama kuna kitu kidogo kinachofuata mama yake.

"Mzee," akasema, na kicheko chake kikakwama, "gari haizai."

Afande aliingia garini, akafunga kioo, akaondoka bila kuaga. Injini ilikuwa inanguruma vizuri kiasi kwamba nilitaka kuitapikia. Mama Furaha akatikisa kichwa: "Uyu baba iko mupole sana. Mupole mubaya." Mama akasema asante ya punda ni mateke, akaenda kuteka maji ambayo hatukuyahitaji. Kesho yake baba alichukua jembe. Mwezi uliofuata mdogo wangu alipopata malaria, tulimbeba kwa baiskeli, mama anashikilia kichwa chake kisigonge chuma, na magari ya watu yakitupita na kututimulia vumbi. Mdogo wangu alipona. Hasira yangu haikupona.

Kwa miaka mingi hasira hiyo haikuwa ya afande. Ya afande ilikuwa rahisi. Afande nilimchukia kama mtu anavyochukia kunguni. Niliyemkasirikia hasa ni baba. Nilimwona mtu aliyekimbizwa na kupewa amri mpaka akasahau kukataa. Hata nilipojifunza mwenyewe kufungua injini, nilijifunza kwa ghadhabu, ili pasiwepo mtu wa kunichukulia changu. Na watu wenye maneno matamu, wakisikia habari hii na kuona nilivyo na grisi kwenye kucha, hunishika bega na kusema: "Lakini Jenerosa, ndama ni wewe!" Tafadhali msiniambie hivyo. Mimi ni mtoto wa Melkiori, sikutolewa na afande. Ndama ni ndama.

Mwaka jana mama mmoja alisimama mbele ya meza yangu sokoni, akachagua kitenge cha kijani. Amezeeka, lakini nilimjua kabla hajafungua mdomo: mke wa Afande Mugume. Na yeye aliposikia ninavyoongea, akaniuliza kama natoka Nakivale. Nikamwambia mimi ni binti wa yule Mrundi wa pikapu. Alishika kitenge kifuani.

"Nyabo! Ile gari ilitusumbua! Kila ikipata moto, inanuka siagi. Mzee wangu anaosha na sabuni, anaacha madirisha wazi, siagi tu. Akaenda kubeba mama yake kule Endiinzi. Huyo bibi ni mzee, macho yamekufa, lakini ananusa. Akauliza, 'Huyu ng'ombe amerudi. Ndama mlimwachia nani?' Mzee wangu akauza ile gari hapo hapo, bei ya kutupa."

Nilimkatia kitenge chake. Jumapili iliyofuata nilikwenda Nakivale. Baba bado yuko, amepungua, jioni anakaa kando ya barabara na kusikiliza. Nilimsimulia yote nikidhani atafurahi. Swali lake la kwanza likawa kama mama yule alisema injini ilikuwa inalia au imetulia. Nikamwambia hakusema.

"Samli ya kwenye bampa," akasema, "ilikuwa ya watu kuona. Ya mwenye gari nilipaka ndani, chini ya dashibodi, fasi joto ya injini inapitia. Kidogo kidogo, na kidole, asubuhi mbele ya misa. Ngombe sikumuumiza hata kidogo."

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia, hata mama, hata siku ile tulipokuwa tunamwona bwege.

"Mungecheka, Jene. Hasira ukiicheka inapoa. Ile yangu nilitaka ikae na moto."

Nilikuwa mtoto, nikadhani hasira ni ngumi na kelele, kama za mama, kama zangu. Sikujua kwamba mtu anaweza kukasirika huku anarekebisha valvu, akaikabidhi hasira yake kwa mikono miwili, imeoshwa, mbele ya parokia nzima, na aliyepewa akajua kabisa amepewa nini. Namheshimu baba yangu kwa hilo kuliko zaburi zake zote. Baba akainuka, akaniomba bisibisi, akaenda kusikiliza gari langu.

Lakini ndama hatukupewa, na mdogo wangu alibebwa kwa baiskeli. Mimi sijasamehe.